Shamba likitangazwa kupigwa mnada: jinsi ya kuomba mahakama iusimamishe

Mkopo umekwama na dalali ameshatangaza shamba lako la Njoro. Kabla ya kukimbilia Mahakama Kuu Nakuru, kusanya barua zote ulizopokea na uzipange kwa tarehe. Jaji hasikilizi machozi, anahesabu siku.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inaitaka benki ianze na notisi ya miezi 3 inayotaja kosa lako na kiasi cha kulipa. Ukikaa kimya, inafuata notisi ya siku 40 ya kuuza, na nakala yake apewe pia mumeo au mkeo aliyeridhia rehani. Kisha dalali anakupa siku 45 za kukomboa mali. Notisi moja ikirukwa, hapo una hoja, japo ukishinda benki huanza upya tu. Ni muda wa kupumua, si msamaha wa deni.

Hoja ya pili ni bei. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na kabla ya kuuza, shamba lifanyiwe tathmini. Tuseme mashamba kama lako yanauzwa milioni 4. Likienda kwa milioni 3 au chini ya hapo, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake, hadi ithibitishe vingine. Kwa hiyo tafuta mthamini wako aliyesajiliwa. Neno la jirani halitoshi. Angalia pia tathmini ya benki: isiwe ya zaidi ya miezi 12 iliyopita.

Lakini usitegemee bei peke yake. Tangu kesi ya Giella ya 1973, mahakama huuliza kama una kesi yenye mashiko na kama hasara yako haiwezi kufidiwa kwa pesa. Ikibaki na shaka, hupima nani ataumia zaidi. Benki itajibu kwamba ina uwezo wa kukulipa fidia.

Wakili ataandaa hati ya madai, ombi la zuio la muda (amri ya kusimamisha mnada), cheti cha dharura cha kuomba usikilizwe haraka na kiapo chako, kisha aziwasilishe kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama. Ambatisha notisi, ripoti ya mthamini, stetimenti na risiti za ulicholipa. Ukiwa na chochote cha kupunguza deni, kilipe kwanza.

Wahi kabla nyundo haijagonga. Ikishagonga, haki ya kukomboa imekwisha na mnunuzi analindwa. Unabaki kudai fidia. Hata hivyo iandikie benki ikupe hesabu ya mauzo, kwani kinachobaki baada ya gharama na madeni yote ya rehani ni chako.