Namna ya Kuhesabu Viota vya Koikoi na Yangeyange Bila Kuwatimua

Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisha kwamba mahali ulipopaona pana viota, kwani miti inayojaa yangeyange wakati wa magharibi mara nyingi ni malalo tu, ambayo ndege huyaacha alfajiri wakaenda kutafuta chakula. Rudi hapo saa nne asubuhi. Ukikuta ndege wengi wamebaki mitini, wengine wakiingia na vijiti mdomoni, na wale yangeyange wafuatao ng'ombe wakiwa wamepata rangi ya chungwa hafifu kichwani, kifuani na mgongoni, basi hayo ni mazalio.

Ndege hawa hupenda kutaga mahali ambapo wanyama walao mayai hawafiki kwa urahisi, kama vile migunga iliyozungukwa na maji, mikoko, visiwa vidogo, matete, na pengine hata miti ya katikati ya mji. Msimu wenyewe huamuliwa na maji. Katika delta ya mto Tana nchini Kenya, iliyoingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mazalio ya upande wa Garsen hutegemea mafuriko, kwa kuwa mto ukifurika samaki na vyura huongezeka mabwawani, na usipofurika miti ile ile yaweza kukaa mitupu. Kwa hiyo usipange safari kwa kalenda peke yake. Waulize kwanza wavuvi na wafugaji kama maji yamepanda.

Simama mbali kiasi kwamba ndege hawanyoshi shingo kukutazama, na utumie darubini. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliwahi kupita chini ya mti wenye viota kwa dakika chache tu. Makinda wakanitapikia samaki kofiani, maana hiyo ndiyo silaha yao, na kabla sijatoka, kunguru wawili walikuwa wameshatua kwenye viota ambavyo wazazi waliviacha wazi kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo huhesabu nikiwa ng'ambo ya maji. Wakati wa jua kali au mvua usiwasogelee kabisa, kwa sababu mayai na makinda wachanga hawavumilii kuachwa bila kufunikwa.

Kinachohesabiwa ni viota, si ndege, kwani mzazi mmoja huatamia huku mwenziwe yuko malishoni. Chora miti kwenye daftari, uipe namba, kisha hesabu kila kiota chenye ndege anayeatamia, makinda, au wazazi wanaojenga, ukitenga kila aina ya ndege. Ukitazama kiota kimoja kwa utulivu utaona dume akimkabidhi jike kijiti, naye jike akikichomeka, akikitikisa, akikichomoa na kukichomeka upya, na pindi kiota kikibaki bila mlinzi, jirani hukiiba kijiti hicho bila haya. Viota vingine huisha kwa wizi wa namna hiyo, ndiyo maana hesabu ya siku moja haitoshi.

Rudia kila baada ya wiki mbili, mahali pale pale na saa ile ile, kisha kwa kila aina uchukue idadi kubwa kuliko zote. Usichelewe kuanza: koikoi wa kijivu huatamia kwa takriban siku 25 na makinda wake hukaa kiotani kama siku 50, lakini makinda wa yangeyange huanza kutambaa matawini mapema zaidi, na hapo huwezi tena kujua yupi ni wa kiota kipi. Faida ya kushikilia utaratibu mmoja huonekana Uingereza, ambako viota vya koikoi wa kijivu vimekuwa vikihesabiwa tangu mwaka 1928.

Mwisho, andika kina cha maji na miti iliyoanza kukauka. Kinyesi cha ndege wengi huua miti yenyewe, na ndege huhamia miti ya jirani. Ukikuta mahali pa mwaka jana pamehamwa, zunguka kwanza maeneo ya karibu kabla ya kuandika sifuri.