Ukiitwa na kamati ya Bunge Dodoma kutoa ushahidi kwa kiapo

Hati ya wito ikikufikia, soma kwanza jambo unaloitiwa, ndipo uangalie tarehe. Wito hutolewa chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, na kuupuuza ni kosa. Ikiwa hati hiyo haisemi wazi ulete nyaraka gani, mpigie katibu wa kamati mapema.

Panga vielelezo kwa tarehe, andika namba kwenye kila ukurasa, toa nakala, na nyaraka halisi njoo nazo. Usidharau namba. Asiyeziandika hupekua faili huku wajumbe wakimsubiri, na kwa haraka ile huanza kukisia. Kukisia ndiko kunakoharibu ushahidi kuliko hata woga.

Wakati wa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, gesti za Dodoma hujaa, hivyo weka nafasi mapema na ufike siku moja kabla. Usisahau kitambulisho.

Mkristo huapa kwa Biblia. Wa dini nyingine, au ambaye imani yake haimruhusu kuapa, hutoa uthibitisho, yaani tamko rasmi la kusema kweli bila kuapa. Uzito ni uleule: baada ya hapo, kusema uongo kwa makusudi ni jinai. Mjulishe katibu mapema utatumia kipi.

Kwenye maswali, tenganisha uliloliona na uliloambiwa. Ukiulizwa nani aliidhinisha malipo, na ulichoona ni sahihi tu, jibu hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, niliona sahihi yenye jina la mhasibu kwenye hati ya malipo, ukurasa wa 14." Usiseme mhasibu ndiye aliyeidhinisha, hukumwona akitia sahihi, na huenda aliyeitia ni mwingine. La kuambiwa, taja nani alikuambia na lini. Usilolijua, sema hulijui, kisha unyamaze. Maneno ya kujazia ukimya ndiyo yatakayorudi kukubana.

Swali likigusa mambo yako binafsi yasiyohusu uchunguzi, toa pingamizi na sababu yake kwa Mwenyekiti. Kukaa kimya tu kutaonekana ni kukataa kujibu. Ukigundua umekosea, rekebisha hapohapo kabla hujainuka, maana kila neno linaingia kwenye kumbukumbu.

Na mtu yeyote akikutisha au kukushawishi ubadilishe maelezo, hilo ni kosa lake kisheria. Mweleze Mwenyekiti kabla hujaapa.