Kuomba hati ya kiwanja kilichorasimishwa: kagua mchoro kabla haujapigwa muhuri

Kama mtaa wenu umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, na mmeshachangishwa hela ya kampuni ya upimaji, haya yanakuhusu. Sitaeleza namna ya kujaza fomu, fomu haijamshinda mtu. Kinachokula muda na pesa ni ramani.

Kwanza karatasi. Namba ya NIDA, picha za pasipoti, mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, barua ya mwenyekiti ya kukutambulisha. Jina la kwenye mkataba lilingane na la NIDA herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" kwenye mfumo ni watu wawili, hata kama mtaa mzima unakujua tangu utotoni. Yakipishana, nenda kwa wakili ukaapie majina mapema, usingoje kurudishwa dirishani.

Sasa mchoro, na hapa tulia. Kampuni inachukua picha ya satelaiti au inarusha droni, kisha juu ya picha ile inachora vipande vya watu, barabara na maeneo ya umma. Hiyo ndiyo rasimu ya mchoro wa mipango miji. Wananchi wanapaswa kuiona na kuipinga au kuikubali kabla haijapelekwa kuidhinishwa. Kwetu ilibandikwa ofisi ya mtaa, ukutani nyuma ya mlango, na mlango ule saa za kazi huwa wazi, kwa hiyo ulikuwa unaifunika siku nzima. Iulizie mwenyewe. Ukiambiwa "bado haijaja," waulize na wajumbe wa kamati ya urasimishaji.

Picha ya angani inaona bati, haioni mpaka. Palipo na mwembe mkubwa, au mabati ya nyumba mbili yamegusana, mchoraji anakisia. Nami sikuumizwa hata na kukisia huko: namba ya kiwanja changu iliandikwa kwenye kiwanja cha jirani wa nyuma, ya kwake ikaja kwangu. Ilijulikana ankara ilipotoka na mita za mraba zisizo zangu, ramani ikiwa imeshaidhinishwa. Hapo marekebisho si suala la kufuta na kuandika upya. Ni barua yangu, barua ya jirani, barua ya mtaa, kisha kampuni ianze kupandisha ramani ngazi zile zile. Kampuni ilikuwa imeshahama ofisi, limebaki bango.

Kwa hiyo ukiipata rasimu, tafuta namba yako kwenye orodha ya majina, halafu tazama majirani wa kila upande kama ndio wenyewe. Soma mita za mraba. Fuata kwa kidole barabara inayochorwa, maana urasimishaji hutafuta njia za kupita, na njia hizo humegwa viwanjani. Kuna choo au jiko la mtu litaguswa, na huenda ni la kwako. Angalia pia matumizi, kama ni makazi au makazi na biashara, kwa kuwa kodi ya pango inafuata hapo. Ipige picha. Ukiwa na pingamizi andika barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Pingamizi la mdomo halina faili.

Serikali haijashindwa kufanya hili kwa njia nyepesi zaidi. Mwaka 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilizunguka kuandikisha nyumba kwenye mfumo wa kidijitali, na Agosti mwaka huo huo makarani wa Sensa wakaja na vishikwambi. Rasimu ya mtaa nayo ingewekwa mahali mwenye kiwanja akaifungua kwa simu, akagusa kipande chake na kuandika "hapa si kweli," halmashauri ingeokoa barua nyingi kuliko inavyodhani.

Siku ya kuweka bikoni, zile alama za mpaka zinazochimbiwa ardhini, uwepo. Usimtume kijana. Soma namba ya kila bikoni na uipige picha pamoja na kitu kisichohama, kama kona ya nyumba.

Jambo moja linalogombanisha watu: ramani nyingi za upimaji nchini zimejengwa juu ya mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, Arc 1960, wakati simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua majira-nukta (namba hizo za mahali) ya kwenye ramani ukayaingiza kwenye simu yalivyo, kiwanja kinahama karibu mita 300. Mtaani kwetu kuna mzee alijikuta yuko makaburini, akaenda kumwakia mwenyekiti. Mwombe mpima akupe yaliyokwisha kubadilishwa. Na hata hayo, simu inakosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo usihamishe uzio kwa ajili yake.

Ramani ikishaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, umilikishaji wenyewe ni maombi, makadirio na control namba. Linganisha mita za mraba za kwenye ankara na za kwenye ramani kabla ya kulipa hata senti. Control namba ina tarehe ya mwisho, ikipita unaomba nyingine. Nenda asubuhi, mchana mtandao na afisa huwa wanatoka kula pamoja. Ukisikia Wizara inaleta kliniki ya ardhi eneo lenu, peleka faili lako huko, kwani maofisa ambao kawaida unawafuata ofisi moja moja hukaa sehemu moja.

Ukiitwa kuchukua hati, isome pale pale: jina, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, miaka ya umilikishwaji, matumizi, na ile ramani ndogo iliyoambatanishwa. Walio nyuma yako kwenye foleni watakohoa, waache wakohoe. Daftari likishasainiwa, kosa lolote linaanza upya kwa barua, na barua inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa.