Jinsi ya kupima shinikizo linaloikabili Bahrain

Anza na bajeti, achana na hotuba. Tazama bei ya mafuta iliyokadiriwa humo, uilinganishe na ya soko: soko likiwa chini, pengo huzibwa kwa mkopo. Usiruke Abu Safah, eneo la mafuta la baharini ambalo Bahrain inagawana mapato yake na Saudi Arabia. Anayehesabu mafuta ya nchi kavu peke yake hupotea mapema.

Kisha dinari. Imefungwa kwenye dola, dola 1 kwa dinari 0.376, na kuilinda kunahitaji akiba ya fedha za kigeni. Akiba ikikauka, majirani huitwa: mwaka 2018 Saudi Arabia, Kuwait na Falme za Kiarabu ziliahidi dola bilioni 10, nayo Bahrain ikaahidi kujibana. VAT iliyoanza 2019 kwa asilimia 5 ikafika 10 mwaka 2022.

Hapo ndipo uchumi unapogeuka siasa, kwani anayetozwa hutaka sauti. Wabunge 40 huchaguliwa, lakini wajumbe 40 wa Baraza la Shura, yaani baraza la juu la bunge, huteuliwa na mfalme, na chama kikuu cha upinzani, Al-Wefaq, kilivunjwa 2016. Kosa la kawaida ni kueleza yote kwa Usunni na Ushia. Uliza pia nani anapata ajira na nyumba.