Kubadili sensa ya ABS kwenye lori la zamani, hatua kwa hatua

Wakuu, taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) ikiwaka kwenye dashibodi madereva wengi huku kwetu Dodoma wana dawa moja tu, wanachomoa balbu au wanatoa fyuzi alafu safari inaendelea. Jamani tuache hii kitu. Ni kweli breki za kawaida za upepo zinabaki zinafanya kazi hata kama ABS imekufa, lakini mvua imenyesha, gari tupu, unashuka Sekenke na lami inateleza, ukikanyaga kwa nguvu tairi zinajifunga zinaanza kuburuzwa na tela linahama njia linakuja ubavuni mwa kichwa, hapo huna cha kufanya tena. Na mara nyingi chanzo chake ni kisensa kimoja tu cha unene wa kidole kinachosoma mzunguko wa tairi, tena vingi vinavyotupwa jalalani ni vizima kabisa, fundi hakupima.

Ninachoelekeza hapa ni kwa malori ya breki za upepo ya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, Scania za zamani, Volvo, DAF, Freightliner na wenzao (Marekani ABS ilikua lazima kwa vichwa vipya kuanzia Machi 1997, malori mengine na matela Machi 1998, kwahiyo kichwa cha kule cha baada ya hapo utaikuta tu). Sensa zake ni za waya mbili, ndani kuna sumaku na koili basi. Kwenye habu kuna ringi ya meno, mara nyingi meno 100, inazunguka na tairi, kila jino likipita mbele ya sensa linazalisha kaumeme kadogo na kompyuta inahesabu. Gari za kisasa zina sensa za aina nyingine, hizo usizipime kwa njia hii.

Kwanza jua ni tairi gani. Kama una mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) sawa, na malori mengi ya zamani yana swichi ukiibonyeza taa inapepesa na unahesabu mipepeso kupata hiyo namba. Huna vyote, utapima moja moja kwenye plagi zilizoko kwenye chasi karibu na kila tairi, ni kazi ya nusu saa tu. Angalia pia taa inafanyaje. Kuna malori ukiwasha inakaa mpaka gari ipite kama kilomita 7 kwa saa ndio inazima, hiyo sio ugonjwa. Ila ikizima alafu ikarudi ukipiga kwenye mashimo au barabara ya vumbi, anza kushuku waya, au beringi imelegea.

Sasa usalama, na hapa sitaki mtu aruke. Paki sehemu tambarare na ngumu, usipige jeki kwenye kichanga. Weka vigingi mbele na nyuma ya tairi ambazo hazinyanyuliwi. Ukinyanyua weka stendi chini ya ekseli, jeki peke yake sio kitu cha kulala chini yake hata iwe ya tani ngapi. Kwa ekseli ya nyuma tairi haitazunguka mpaka uachie handibreki, maana yake unahitaji upepo kwenye mitungi na vigingi viwe vimekaa sawasawa kabla hujaachia. Chemba za springi (yale makopo ya handibreki kwenye ekseli) usizifungue, haihusiani na kazi hii na ile springi inaua.

Kupima. Chomoa plagi ya sensa, weka malitimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, yaani ukinzani, gusisha ncha zake kwenye pini zote mbili. Sensa nyingi za aina hii zinasoma kati ya omu 900 na 2000, angalia na kitabu cha gari lako kwasababu zipo zinazozidi kidogo. Isiposoma kitu koili au waya umekatika, ikisoma karibu na sifuri imeshoti. Alafu pima kila pini na chasi, hapo inatakiwa isisome kabisa. Wakati unapima tingisha waya kuanzia plagi mpaka kwenye ekseli, namba ikiruka ruka umeshapata jibu. Malori yanayoingia mashambani Kongwa na Chemba kubeba mahindi na alizeti waya unavutwa na visiki, na yale yanayolala wiki nzima sokoni Kibaigwa kusubiri mzigo panya wanautafuna, nimeziona nyingi za hivyo.

Omu zikiwa sawa usikimbilie dukani. Geuza malitimita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono kama nusu mzunguko kwa sekunde, inatakiwa upate angalau volti 0.2. Omu nzuri na volti hakuna maana yake sensa imerudi nyuma iko mbali na meno. Nafasi ikizidi kama milimita 0.7 mawasiliano yanakufa. Isukume kwa kidole kutoka nyuma mpaka igonge ringi, pima tena. Volti zikirudi, sensa yako nzima, lakini jiulize nani aliisukuma nyuma. Shika tairi juu na chini uitikise, ikicheza, beringi ndio mchawi, kaza beringi kwanza la sivyo hata sensa mpya itasukumwa vilevile ndani ya wiki.

Ikionekana imekufa kweli, tuitoe. Mbele mara nyingi unaifikia kwa nyuma pale karibu na kingi pini (pini ambayo tairi la mbele linakatia kona) bila kufungua habu. Nyuma kwa malori mengi lazima utoe tairi na dramu. Sensa imekaa ndani ya kibushi cha bati chembamba chenye mikunjo kama springi, na huku kwetu lile vumbi jekundu likichanganyika na grisi na kutu linaganda kama sementi. Nyunyizia oili ya kutu, acha inywe, hata uende ukanywe chai, rudi nyunyizia tena. Izungushe kushoto kulia taratibu kwa plaizi kwenye mwili wake huku unavuta. Usivute waya, utabaki nao mkononi na kichwa kimebaki ndani, hapo itabidi ufungue habu uitoe kwa upande wa ringi.

Ikitoka iangalie uso wake. Ukiwa na mikwaruzo inayong'aa ilikua inasagwa na meno, rudi kwenye habari ya beringi. Utakuta pia imejikusanyia unga mweusi wa chuma unaotoka kwenye dramu, sababu ni sumaku. Chukua tochi uangalie ringi jino kwa jino huku mwenzako anazungusha, jino lililovunjika au ringi inayoyumba itakusumbua hata ufunge sensa ngapi. Safisha kwa brashi ya waya, na tundu lake safisha mpaka uone chuma.

Spea. Nenda na ile ya zamani dukani, linganisha urefu wa waya, umbo la plagi, na kichwa kama kimenyooka au kimepinda. Dai na kibushi kipya, ni hela ndogo, na kibushi kilichochoka ndicho kinafanya sensa irudi nyuma. Ukiweza ipime omu hapohapo kaunta kabla hujatoa pesa, muuzaji wa kweli hawezi kukukatalia.

Kufunga. Paka kibushi na mwili wa sensa grisi inayostahimili joto, sukuma kibushi mpaka mwisho, alafu sukuma sensa kwa mkono mpaka iguse ringi kabisa. Watu wanaogopa kuigusisha, wanaacha nafasi kwa makusudi, hapana, igusishe, tairi ikizunguka itajisogeza yenyewe kiasi inachotaka. Na usipige nyundo, ile ndani ni plastiki na waya mwembamba kama unywele. Ikigoma kuingia tundu bado chafu.

Waya upitishe sambamba na hosi ya breki, mbali na dramu, ufunge kwa kamba za plastiki. Kwa mbele kata steringi mpaka mwisho kulia na kushoto uone waya hauvutiki wala haugusi tairi. Ukilazimika kuunga, choma lehemu uvishe bomba la kusinyaa kwa moto, maana kusokota na kufunga tepu kukikutana na masika maji yanaingia na taa inarudi.

Kabla ya kurudisha chochote pima volti za AC tena. Zikiwa sawa funga dramu na tairi, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, shusha gari, tembea kidogo zaidi ya spidi ya mtu anayekimbia na taa itazima. Isipozima futa kodi kwa swichi au mashine, ikigoma bado pima ile ile sensa ukiwa upande wa plagi ya kompyuta, kama huku husomi zile omu ulizosoma chini basi waya wa katikati kwenye chasi ndio umekatika. Na nati za tairi uzikaze tena baada ya kilomita kama 50 mpaka 100, ukitoka Dodoma mjini kuelekea Singida simama Bahi uzipitie zote.