Namba 39: jinsi ya kurudisha kumbukumbu ukiacha bangi

Mimi ni fundi cherehani, Tanga, na nilivuta bangi kila siku kwa miaka tisa. Kilichonishtua ni kola. Namzungushia mteja tepu shingoni, nasoma 39, nageuka kuchukua kalamu, namba haipo. Napima tena, inapotea tena. Siku moja nikakata kitambaa cha harusi kwa kipimo nilichodhani nakikumbuka. Nilikilipa, na bwana harusi akaazima shati.

Mdogo wangu unayetaka kuacha, elewa kwanza kilichoharibika. Nyimbo za darasa la tatu nilikuwa nazijua zote; mambo mapya ndiyo yaliyokuwa hayaingii. Kemikali ya bangi, THC, huvuruga kazi ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya. Ile 39 haikuwahi kuandikwa, kwa hiyo kukamua kichwa ukiwa na stimu ni kupekua daftari tupu.

Panga mwezi mzima bila msokoto hata mmoja. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo hata baada ya siku 30. Wengi hushika mambo vizuri zaidi baada ya wiki nne hivi. Kama ulianza na miaka 14 au 15, ubongo ulikuwa bado unakomaa, basi jipe muda zaidi.

Wiki ya kwanza ndiyo inayowarudisha wengi kijiweni. Hasira za bure, chakula hakipandi, usingizi hauji, na ukija unakuja na ndoto nzito. Ulinde usingizi huo kuliko kitu chochote, maana usiku ndipo ubongo unapoyakaza ya mchana. Mimi niliacha kahawa kuanzia saa tisa alasiri, nikalala saa ileile kila siku, simu nikaiweka nje ya chandarua. Usidanganywe na gongo wala vidonge vya usingizi vya diazepamu vya kununua kienyeji. Navyo huzuia kumbukumbu mpya zisiingie. Na kama tayari unavitumia kila siku, usiviache ghafla peke yako, unaweza kupata degedege. Anza hospitali.

Mwenye kutumia unga, yaani heroini, asifuate mwongozo huu. Arosto yake, yale mateso ya kuikosa, inataka kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2011, na sasa zipo mikoani pia.

Sasa zoezi lenyewe. Kila kipimo nilikitamka kwa sauti na kukiandika kabla tepu haijatoka mwilini mwa mteja. Mteja akiongea, mashine inasimama. Jioni, kabla ya kufungua daftari, nilijaribu kutaja vipimo vya wateja watano wa siku hiyo, mmoja mmoja: kola, mabega, mkono. Ndipo nikafungua na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wewe kama ni dereva, taja abiria na vituo; kama ni mwanafunzi, funga kitabu useme ulichosoma.

Wiki ya kwanza nilipata mteja mmoja kati ya watano. Wiki ya tano nilipata wanne. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, nenda ukapimwe, kwani sonona na upungufu wa damu navyo husahaulisha.