Kabla ya kusaini kujiunga na jaribio la dawa ya pumu au aleji

Mgonjwa wa pumu akialikwa kwenye jaribio la kitabibu, maswali yake mengi huwa juu ya dawa mpya: ni ya kuvuta au ya sindano, imetoka wapi, inafanyaje kazi. Mimi ningeanza na inhela aliyo nayo mfukoni tayari. Ataendelea nayo? Itapunguzwa? Itasimamishwa kwa muda gani, na nani atakuwa anamwangalia muda huo wote?

Majaribio mengi ya pumu huwa na kipindi cha mwanzo ambacho mshiriki anafuatiliwa tu kabla ya kupewa chochote, na baadhi humtaka apunguze au aache dawa zake ili athari ya dawa mpya ionekane peke yake. Kwa mtu ambaye pumu yake imetulia kwa sababu ya dawa ya kuvuta yenye steroidi, kuiacha ni kuuruhusu uvimbe urudi kwenye njia za hewa, na uvimbe huo hujijenga taratibu huku mwenyewe akijiona mzima. Kwa hiyo uliza waziwazi: ni dalili zipi zitawafanya mnirudishie dawa yangu siku hiyohiyo? Watafiti makini wana jibu lililoandikwa: kipimo cha kupuliza kikishuka hadi hapa, ukiamka usiku ukikohoa mara kadhaa, ukitumia inhela ya dharura kupita kiasi fulani. Ukijibiwa "tutaona", rudi nyumbani ukafikirie.

Vipimo navyo vina masharti yake. Salbutamol, ile inhela ya bluu, kwa kawaida huzuiwa saa kadhaa kabla ya kupuliza kwenye spirometa, mashine ya kupima nguvu ya pumzi, na zile zinazofanya kazi muda mrefu huzuiwa nusu siku, siku nzima, au zaidi. Upande wa aleji, kipimo cha kuchoma ngozi hakisomeki ukiwa umemeza setirizini, loratadini au Piriton, hivyo utaambiwa uziache siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki. Wengi hunasa kwenye dawa za mafua za mchanganyiko, kwa sababu nyingi zina dawa ya aleji ndani yake. Mtu anapiga chafya Jumanne, ananunua vidonge duka la dawa la mtaani, na Ijumaa anaambiwa kipimo hakifanyiki. Ila jambo moja lieleweke: kuambiwa usivute kabla ya kipimo si kuambiwa uvumilie kubanwa. Kifua kikibana, vuta. Kipimo kitapangiwa siku nyingine.

Halafu kuna plasebo, dawa isiyo na dawa ndani, inayofanana na ile halisi kwa rangi na umbo. Kompyuta ndiyo inayopanga nani apate ipi, na mara nyingi hata daktari anayekuhudumia hajui uko kundi gani. Katika majaribio mengi ya pumu plasebo huongezwa juu ya matibabu ya kawaida, kwa hiyo aliyeangukia kundi hilo hakosi dawa zake. Lakini si yote, na hapo ndipo pa kuuliza. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, umeacha kupendekeza kuwatibu watu wazima na vijana kwa inhela ya bluu peke yake. Jaribio likikuweka kwenye kundi la inhela ya bluu tupu, wakueleze kwa nini. Uliza pia kama katika dharura kuna mtu anayeweza kufungua siri ya kundi lako usiku wa manane, maana daktari wa zamu atataka kujua umetumia nini.

Kwamba maswali haya si ya woga tu, historia inaonyesha. Mwaka 2001 Ellen Roche, msichana wa miaka 24 asiye na pumu, alijitolea katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliotaka kujua jinsi njia za hewa za mtu mzima wa afya zinavyojikinga zisibane. Alivuta kemikali iitwayo heksamethoniamu mwezi Mei, mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Uchunguzi ulibaini kwamba fomu ya ridhaa haikueleza kuwa kemikali hiyo haikuwa na kibali cha kutumika kwa kuvutwa, na kwamba ripoti za miaka ya 1950 juu ya madhara yake kwenye mapafu hazikuwa zimepatikana na watafiti. Tena mshiriki wa kwanza alikuwa amepata kikohozi, na taarifa hiyo haikupelekwa mara moja kwenye kamati ya maadili. Maswali mawili yanatoka hapo: dawa hii imesajiliwa kwa matumizi haya na kwa njia hii ya kuitumia? Na waliotangulia kabla yangu walipata nini?

Upande wa pili wa historia hiyohiyo ni kwamba bila washiriki, hatari nyingine zisingejulikana kamwe. Jaribio la SMART lilianza Marekani mwaka 1996 na kuandikisha watu zaidi ya 26,000, wakiongezewa salmeterol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa kwa muda mrefu, au plasebo juu ya dawa zao za kawaida. Lilisimamishwa 2003: vifo vilivyotokana na pumu vilikuwa 13 upande wa salmeterol na 3 upande wa plasebo. Ndipo onyo kali likawekwa kwenye dawa hiyo, na leo madaktari hawampi mgonjwa wa pumu bila steroidi pamoja nayo. Hesabu za namna hiyo hupitiwa na jopo la kujitegemea lenye uwezo wa kupendekeza jaribio lisimame. Uliza kama jaribio lako lina jopo la namna hiyo.

Kukagua vibali hakuchukui muda mwingi. Tanzania Bara, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Kenya, kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na Bodi ya Famasi na Sumu. Uganda, NDA, mamlaka ya dawa, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Namba za vibali huwa kwenye fomu, na jaribio lenyewe linapaswa kuonekana kwenye daftari la wazi kama PACTR la Afrika au ClinicalTrials.gov. Anayekutaka ulipie kuingia kwenye utafiti, mwache.

Fomu ya ridhaa ichukue uende nayo nyumbani. Ni haki yako, na mtafiti mzuri hatakuharakisha. Isome na mtu wa nyumbani anayejua pumu yako ilivyo inapokasirika. Kama ni mtoto, wewe mzazi unasaini, lakini naye mwenye umri wa kuelewa aulizwe. Akisema hataki sindano kila baada ya wiki mbili, asikilizwe. Angalia kinachosemwa kuhusu damu na sampuli: zitahifadhiwa muda gani, zitasafirishwa nje ya nchi, vinasaba vitachunguzwa? Unaweza kukubali dawa na kukataa baadhi ya hayo, kama fomu inaruhusu. Ndugu zetu walioko Marekani wasione haya kudai mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bila malipo, na mtoto wa shule asigeuzwe mkalimani wa mama yake kwenye jambo hili.

Jipange na mwili wako pia. Andika dawa zote unazotumia, mitishamba ikiwemo, kwa majina na kiasi. Taja sigara, jiko la mkaa, udi na paka wa nyumbani bila kujipendekeza. Dawa mpya nyingi za sindano hulenga eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, au kingamwili ya IgE inayohusika na aleji, vitu ambavyo mwili huvitumia pia kupambana na minyoo, na eosinofili hupanda kwa minyoo kama zinavyopanda kwa aleji. Ndiyo maana majaribio hayo huwakataa wenye maambukizi ya minyoo. Kwa mtu wa huku kwetu, kupima choo na kutibiwa mapema ni jambo la maana kuliko linavyosikika. Wanawake watapimwa ujauzito na kutakiwa kutumia uzazi wa mpango. Jadilini nyumbani kabla, si siku ya kusaini. Na kama unafunga Ramadhani, peleka kalenda kwa muuguzi wa utafiti mapema, maana dozi za asubuhi na vipimo vya damu vinaweza kuangukia mchana wa mfungo.

Kuhusu fedha, nauli na chakula cha siku ya kliniki virudishwe. Posho ikiwa kubwa kiasi cha kukufanya ufiche dalili ili usitolewe, hiyo ni hatari kwako. La msingi zaidi ni bima: ukilazwa kwa sababu ya dawa ya jaribio, nani analipa, na mpaka lini? Liwe kwenye maandishi.

Swali ambalo watu husahau ni la siku ya mwisho. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida, lakini sema kabla ya kuacha, wapange namna ya kukurudisha kwenye dawa zako. Na kama dawa mpya imekufaa, je, utaendelea kuipata? Sindano kama omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani tangu 2003, zina bei ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Jibu linaweza kuwa hapana, na bado ukaamua kuingia, mradi umejua tangu mwanzo na daktari wako wa kawaida ana nakala ya karatasi zako, akikusubiri na mpango wa dawa utakazorudia.